Uji Mweupe wa Chumba cha Picha

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye benchi la chumba cha picha za eksirei, katika hospitali moja hapa Likasi, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu muuguzi alimpa mgonjwa kikombe cha uji mweupe, ili tumbo lake lionekane vizuri kwenye picha. Mgonjwa, fundi wa maabara ya kiwanda, alisoma maandishi ya mkebe wa unga wa uji huo, akakirudisha kikombe mezani.

"Mama, hii ni baryumu. Kule kazini tunaua nayo panya. Miye siwezi kunywa."

Nilidhani atafukuzwa. Muuguzi alitabasamu tu.

"Uko na haki, papa. Ile ya panya inayeyuka mu tumbo, inaingia mu damu, inaua. Hii ni ingine, haiyeyuki. Inatoka vile iliingia."

Akachota unga wa mkebe uleule kwa kijiko, akaumwagia siki, kali kama maji ya tumbo. Fundi aliinama, akatega sikio.

"Ile ya panya ingetoa mapovu," alikiri. "Hii imenyamaza." Lakini mikono yake ilibaki mifukoni. "Sasa, mama, kwetu mwenye kupika pombe anaonja wa kwanza."

Muuguzi alikiinua kikombe, akameza funda moja kubwa, akampa. Fundi akamaliza kilichobaki.

Wakubwa wetu wa serikali hutuandikia dawa chungu kila mara, nami nimezimeza nyingi. Huyu mama ndiye wa kwanza niliyemwona akitoa dawa huku midomo yake mwenyewe ikiwa myeupe.