Siku Nyumba Yangu Ilipopanda Kilima

Bado naiona Jumamosi ile, mwanangu, mie nimesimama katikati ya majirani wa Madale, kifaa cha GPS mkononi, kichwa kimevimba kwa sifa. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, msichana mwenye miguu mepesi, na kila likizo nilikuwa napanda milima na wenzangu wa kwaya. Kifaa kile aliniachia binamu yangu aliyekuwa akiongoza watalii. Kilikuwa cha njano, kinaenea kiganjani, na kilikuambia uko wapi na umepanda mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Nilikivaa shingoni hata nikienda gengeni kununua nyanya. Usicheke, wewe ambaye simu yako mnalala nayo kitanda kimoja.

Siku hizo mtaa wetu haukuwa na maji ya bomba. Tulikuwa tunanunua kwa madumu, na anayekaa juu kilimani alisubiri mpaka msukuma mkokoteni ajisikie kupanda. Basi sie majirani tukaungana, tukachimbisha kisima bondeni. Ikabaki kuchagua mahali pa juu pa kuweka tangi kubwa, pampu ipandishe maji mpaka pale, kisha yateremke yenyewe majumbani.

Mahali penyewe palikuwa pawili. Pa kwanza ni nyuma ya nyumba ya Bi Zuhura, mama mtu mzima aliyekaa peke yake na goti lake bovu. Pa pili ni ng'ambo ya bonde, kando ya uwanja wa shule. Kwa macho usingeweza kusema papi pako juu zaidi. Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu tangi likikaa chini kuliko nyumba ya Bi Zuhura, wote tutapata maji isipokuwa yeye.

Fundi wetu alikuwa Mzee Kibwana, mwenyeji wa pwani hii, mtu wa kofia na maneno machache. Alisema kwa anavyoona yeye kwa Bi Zuhura ni juu zaidi, ila tupime kwa mpira wa maji tuwe na hakika. Ni mpira ule mwembamba unaoonyesha ndani, mafundi wanaujaza maji, mmoja anashika ncha huku na mwingine kule, maji yakitulia yanakuwa usawa mmoja pande zote. Hakuna nyumba ya Dar iliyonyooka ambayo haikupita mikononi mwa mpira ule. Mie nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mpira ni wa kumwagilia maua, sasa hivi kuna satelaiti. Watu wakaangua kicheko. Mzee Kibwana akatabasamu kidogo, akaukunja mpira wake, akauweka begani. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile nasikia aibu.

Nikapima. Kwa Bi Zuhura nilifika saa nne asubuhi, kifaa kikasoma mita tisini na sita. Tukashuka bondeni, tukasimama hapa na pale, tukakaribishwa ubwabwa kwa jirani, nani anakataa ubwabwa? Tulipofika uwanja wa shule ilikuwa saa kumi alasiri, kifaa kikasoma mia moja na kumi na mbili. Nikatangaza kwa sauti ya darasani kwamba uwanjani kumezidi kwa mita kumi na sita, mjadala umefungwa. Bi Zuhura alikuwa amejikongoja na fimbo yake mpaka kule. Akanishika mkono.

"Mwalimu wangu, mie kule juu nitapata maji kweli?"

"Utapata mpaka uyachoke, Bi Zuhura. Nakuahidi."

Akaniombea dua palepale. Vijana wakakubaliana kwamba Jumatatu wanaanza kuchimba msingi kule uwanjani.

Kesho yake, Jumapili, narudi zangu kutoka misa ya kwanza, namkuta Mzee Kibwana amekaa kwenye kibaraza changu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, hana kinyongo. Akaniomba kitu kimoja tu: nikiweke kifaa changu pale ukutani kwenye kibaraza, nisome namba, nisikiguse mpaka atakapokuja tena. Ilikuwa kama saa nne. Kifaa kikasoma sabini na moja. Akaaga, akaenda kwenye mambo yake. Mie nikaona huyu mzee kaanza kuvutiwa na mambo ya kisasa, nikafurahi. Nikapika, nikafua, nikasahihisha madaftari, kifaa kiko palepale kinaota jua.

Akarudi baada ya kuswali alasiri. Nikakitazama kifaa, nikakitazama tena. Kilisema tisini na mbili.

Mzee Kibwana akaipapasa nguzo ya kibaraza kama mtu anayeikagua, akaniuliza kwa upole wote:

"Mwalimu, hivi nyumba yako imepanda kilima wakati unafua?"

Mwanangu, nilinywea. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kumbe jana yake, tulipopita getini kwake asubuhi, alikuwa amechungulia namba kwenye kifaa changu, na tuliporudi jioni akachungulia tena. Geti lilelile, namba mbili. Aliiona mapema kuliko mie mwenye cheti. Nikamuuliza mbona hakusema palepale, mbele ya wale waliomcheka. Akasema wewe ni mwalimu wa watoto wetu, nikikuvunjia heshima uwanjani, Jumatatu darasani watakusikiliza vipi?

Hapo ndipo machozi yalipotoka, wala siyo kwa ajili ya mita.

Baadaye nilisoma kile kijitabu cha maelezo ambacho sikuwahi kukifungua. Kifaa hakikuwa kibovu. Ndani yake kilikuwa na kipimo cha uzito wa hewa: hewa ikipungua uzito, chenyewe kinadhani umepanda juu. Na huku kwetu hewa hupungua uzito karibu kila siku kati ya asubuhi na alasiri, hata ukiwa umelala mkekani. Unatakiwa ukipeleke mahali unapojua urefu wake, ukiambie, kisha uendelee kukikumbusha. Hata vile visivyo na kipimo cha hewa, vinavyotegemea satelaiti peke yake, hukosea urefu zaidi kuliko vinavyokosea mahali ulipo, maana satelaiti zote ziko juu yako, chini ya miguu yako hakuna hata moja. Mimi nilipima mahali pawili kwa saa mbili tofauti, katikati nikala ubwabwa, nikaita hiyo sayansi.

Jumatatu asubuhi niliomba ruhusa ya siku moja shuleni, nikaenda uwanjani. Nikawakuta vijana wameshafika na majembe, na shimo limeshafika magotini. Nilitamani nimtume Mzee Kibwana aseme yeye. Lakini nilimdhihaki hadharani, nikaona hadharani ndiko kwa kumalizia. Nikapiga moyo konde, nikawaambia nimekosea, na mbele yao nikamwomba Mzee Kibwana msamaha na mpira wake. Tukachomeka vijiti njia nzima, tukapima kijiti kwa kijiti, kutoka uwanjani mpaka bondeni na kupanda kule kwa pili, mie nimeshika ncha moja, suruali imelowa tope. Mchana tukapata jibu. Kwa Bi Zuhura kulizidi kwa mita nne. Vijana wakafukia shimo lao huku wananisengenya mbele yangu, na tangu siku hiyo wakaniita Mwalimu Kupanda. Nimezeeka na jina hilo, na nalipenda.

Tangi likajengwa nyuma ya nyumba ya Bi Zuhura. Siku maji yalipotoka alinitumia mtu aniite kabla ya jirani yeyote. Nikamkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya bomba, amelifunga, ananisubiri. "Uliniahidi wewe," akasema, "fungua wewe." Nikafungua. Akaiweka miguu yake yote miwili chini ya maji, na lile goti bovu akalimwagia maji mengi, anacheka kama binti.

Sasa juzi umekuja kunionyesha kifaa chako kipya, unataka kuwapeleka wenzako mlimani. Kizuri, nami nimekifurahia. Ila kabla hamjaondoka, kipe urefu wa mahali unapopajua. Mkifika kwenye kibao chenye urefu ulioandikwa, kirekebishe tena, na mkirudi mlikoanzia, tazama kama namba imerudi pamoja nanyi. Asije mtu akaishiwa nguvu njiani kwa sababu ulimwambia kilele kimebaki kidogo. Ukiona mwenye kofia na mpira begani anataka kupima upya, mpishe apime. Ukikosea mbele ya watu, kayamalize mbele ya watu. Na siku utakapomwona mwenzio amekosea, mfuate kibarazani kwake, kama nilivyofuatwa mie.

Nenda, mwanangu. Mungu akupandishe salama na akuteremshe salama, magoti yako yawe mazima, na kila ulichoahidi watu wakione kimefika kwao. Ukirudi pitia hapa, nikupeleke ukanawe miguu. Bomba la Bi Zuhura bado linatoa.