Nilimwachia msaliti wa kikundi mlango wazi, roho mkononi

Wakuu, salamu kutoka Gisenyi. Haya nimeyapitia mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaovusha mboga kwenda Goma kupitia Petite Barrière, geti la waenda kwa miguu mpakani mwa Rwanda na Kongo. Nimekulia Kagera, ndiyo maana wenzangu wanasema Kiswahili changu ni cha redioni.

Kwa wasioijua kazi yetu: mpaka ukikaribia kufungwa, karoti zilizobaki huwezi kurudi nazo. Unazilaza kwa mtu unayemwamini upande wa pili. Sisi sote tulilaza mizigo kwenye stoo ya shangazi wa Mama Neema, mwenzetu kikundini.

Sasa tukagundua Mama Neema anawaingiza wapinzani wetu wa biashara kwenye stoo ileile.

Akina mama wakawaka. Wakataka kikao, akalishwe katikati, kila mtu amseme, kisha afukuzwe.

Presha ikanipanda. Mali yetu yote iko ndani kwa shangazi yake. Tukimfukuza kwa aibu, kesho nani atatufungulia? Na nikimtetea, wataniona niko naye njama moja.

Mume wangu ana ugonjwa wa historia za vita za kale. Anafungulia simu sauti ya juu mimi nikipika, mpaka nawajua majenerali kuliko majirani. Kuna kanuni moja ilinikaa: adui ukimzingira pande zote atapigana mpaka afe, hivyo mwachie upenyo.

Chekeni tu, sikuwa na kingine cha kushika.

Siku ya kikao niliwahi kupanga viti. Badala ya duara nikaweka nusu duara, kiti chake karibu na mlango, na mlango wazi. Nikaomba niulize mimi peke yangu.

"Mama Neema, una la kutuambia? Kama huna, nenda kwa amani, hakuna atakayekushika."

Akasimama, akaelekea mlangoni.

Makamu wangu akaninong'oneza, "Unaona sasa? Anaenda na karoti zetu."

Mama Neema akaufunga mlango kwa ndani, akarudi kukaa.

"Sitaki watu wa njia wasikie," akasema. "Shangazi iko mugonjwa, hata kuamuka hawezi. Hao munaita adui ndio walimubeba mupaka ku hospitali. Sisi tunaingia, tunaweka mizigo, tunatoka. Bon, mi ningewafukuza namna gani?"

Mimi niliona aibu kuliko yeye.

Kesho yake tulivuka mapema, tukapitia kwa shangazi kabla ya soko. Alikuwa kitandani, akatuuliza majina mmoja mmoja. Magunia yetu aliyajua kwa rangi ya kamba, sisi hakutujua.

Nilichojifunza: ukimwachia mtu upenyo, jiandae kwa atakachorudi nacho, kwa sababu kinaweza kuwa kosa lako.

Wapinzani bado tuko nao stoo, wateja tunagombania, na kila nikienda kumwona shangazi nasikiliza kwanza nje kama anakohoa. Nikisikia kikohozi, najua yu hai, ndiyo napumua.

Nyie mnaoongoza watu, mngeuacha ule mlango wazi? Nipeni maoni, hata ya kunisema, nasoma yote.