Ua la Malaba

Mama alitaka ua moja tu. Baba alikuwa dereva wa lori, na kila aliporudi Nakuru kutoka mpakani alimletea ua dogo mfukoni mwa shati, akiapa kwamba linaota Malaba peke yake. Mama alibakiwa na moja, limebanwa ndani ya Biblia, limegeuka rangi ya chai, halina hata jani. Sasa baba ametimiza mwaka tangu afariki na tunalijengea kaburi lake nyuma ya nyumba. "Nataka nimpandie lile ua," aliniambia. "Nenda ulitafute, na jina lake uniletee." Mimi si mtu wa maua. Nilikwenda kwa sababu tangu mazishi hakuwa ameniomba kitu.

Malaba nilifika saa sita. Nilizunguka kando ya foleni ya malori, nikiinama kwenye magugu na bahasha yenye lile ua kavu mkononi, madereva wakinitazama kama mtu aliyepoteza funguo. Mama mmoja wa chai alichungulia ndani ya bahasha, akacheka. "Boss, hii imekauka hivi, nitaijuaje? Enda Busia uulize Mama Zuhura wa dawa za miti."

Saa tisa nilikuwa Busia, dukani kwa Mama Zuhura. Hakuwa na haraka. Aliliweka ua kwenye kisahani cha maji ya uvuguvugu, tukangoja. Niliogopa litavunjika, maana tulikuwa na hilo moja tu. Taratibu likafunguka: petali tano, katikati manjano iliyofifia.

"Leo umetoka wapi?" aliuliza.

"Malaba, kule kwa malori."

"Basi angalia suruali yako."

Kuanzia magoti kwenda chini nilikuwa nimejaa vijiti vyeusi vya kishona nguo, lile gugu linalonasa nguoni.

"Hizo ni mbegu, hili ndilo ua lake," alisema. "Inamea kila mahali. Hata hapo nje kwa mtaro iko."

Nilitoka nikatazama. Yalikuwepo, meupe, petali tano. Nilikasirika, tena sana. Miaka yote hiyo baba alikuwa akimdanganya mama, na mama huyo huyo alikuwa akibandua kishona nguo kwenye suruali za baba kila safari huku akinung'unika. Njiani kurudi nilitafuta uongo wa kumwambia, sikuupata.

Nakuru niliingia kesho yake mchana, suruali ni ile ile. Nilimweleza yote. Mama alipiga magoti mbele yangu, akaanza kubandua mbegu moja moja na kuzitia kiganjani.

"Mzee yule alikuwa mwongo," alisema, akicheka na machozi yakimtoka. Kisha mkono wake ukasimama. "Hizi zimejaa pale kaburini. Nimekuwa nikizing'oa kwa jembe kila Jumamosi, kabla hazijatoa ua."

Jumamosi iliyofuata alikwenda kaburini bila jembe.