Sura Iliyojizuia Kucheka

Ukutani kwa mama mdogo, hapa Musoma, wametundikwa watu kumi na wanane, na kitanda changu kiko chini yao. Kuna pia msumari mmoja mtupu. Nilipohamia kwake kusoma sekondari niliwaamkia wote kila jioni kwa utani: shikamooni wazee, mmeshindaje. Siku hizi nawaamkia kweli, na msumari nauamkia pia. Sitaki matatizo.

Ni waigizaji wake. Yeye haviiti vinyago, anaviita sura. Kila anayeingia kwenye kikundi chake lazima kwanza alale kwenye mkeka, apakwe mafuta ya mgando, awekewe mirija miwili puani, halafu mama mdogo anampangia usoni vipande vya magazeti vilivyolowa gundi ya unga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka mtu anapotea. Unakaa hivyo karibu saa nzima. Ukitikisa shavu, umeharibu. Baadaye anaipaka rangi, na jukwaani kila mtu anavaa sura ya mwenzake, kamwe si ya kwake.

Hiyo ndiyo kazi anayoifanya tangu sijazaliwa. Asubuhi anachora vichwa vilivyosukwa kwenye kuta za saluni na sato wanene kwenye vibanda vya samaki. Jioni anaongoza tamthilia, na mapazia yake ni magunia ya pamba yaliyoshonwa pamoja. Mjini wanamwita fundi rangi, vijijini mama wa maigizo, na bibi yangu anamwitaga yule aliyekataa unesi.

Nyota wetu alikuwa kaka mmoja wa Mugeta, mrefu, mpole, hacheki ovyo. Siku ya kutengenezewa sura, mimi ndiye niliyeshika bakuli la gundi. Nikamwona amelala pale kama maiti ya heshima, nikashindwa kuvumilia. Nikainama, nikamnong'oneza kitu. Akajikaza, akajikaza, halafu shavu la kushoto likapanda.

Mama mdogo akanichapa na brashi. "Wee mtoto, umeniharibia mtu."

Ilipokauka, tukakuta sura ya mtu anayejizuia kucheka. Haikuharibika hata kidogo. Mama mdogo aliipeleka dirishani, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote. Akaniambia niivae mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeileta. Akanifundisha na namna ya kuitumia: "Ukichekesha watu, simama. Usiguse mstari unaofuata mpaka kicheko kiishe. Kicheko ni zamu yao ya kusema."

Tukaenda nayo mnadani Bunda, tukacheza kati ya ng'ombe na mitumba, na mama mmoja akacheka hadi beseni la nyanya likamtoka kichwani. Mwenye sura alikuwa nyuma ya pazia, ananichungulia.

"Mimi natembeaga hivyo?" akaniuliza nilipotoka.

"Unatembeaga vibaya zaidi. Nimekustahi."

Masika yaliyofuata akaenda Buhemba kujaribu bahati ya dhahabu. Alisema atarudi kabla ya onyesho la Butiama. Duara alimoshuka, yaani shimo la wachimbaji, likaporomoka. Wenzake walichimba siku kadhaa, shimo likajaa maji, wakaacha. Hakutolewa.

Mama yake akaja kwetu siku ya Jumatano. Hakutaka kiti. Alikaa chini, akainua macho ukutani, akampata mara moja kati ya wale wote.

Kwao mtu asipopatikana, kinazikwa kipande cha mgomba badala yake, ili naye atulie na walio hai waache kusubiri.

"Wazee wamesema Jumamosi tuzike mgomba," alisema. "Nimewaambia mimi sikuzaa mgomba. Nipe uso wa mwanangu."

Mama mdogo hana nakala ya sura yoyote. Hatumii kalibu, sura ikienda, imeenda. Na Butiama ilikuwa Ijumaa, na tamthilia nzima imesimama juu ya sura ile.

"Dada, nivumilie mpaka Ijumaa. Uje umwone jukwaani, halafu umchukue."

"Nimwone? Anavaliwa na nani?"

Mama mdogo akaninyooshea kidole. Wakati ule hata mimi ningekubali kuwa mgomba.

Butiama mama yake alikaa benchi la mbele. Ndani ya sura kulikuwa na harufu ya muhogo na joto la pumzi yangu, na kwa mara ya kwanza niliona aibu kutembea kama yeye, lakini miguu ilijua njia. Watu walicheka. Yule wa benchi la mbele alikuwa anaifuata miguu yangu kwa macho.

Tulipomaliza alikuja nyuma ya pazia, akanivua sura kwa mikono yake, taratibu, kama anamfuta mtoto kamasi. Akaitazama.

"Hapa alikuwa anacheka nini?"

"Mimi ndiye niliyemchekesha, mama."

"Ulimwambia nini?"

Mimi utani wangu wote naukumbuka. Nakumbuka hata ule uliofanya nifyeke uwanja wa shule peke yangu. Huu nikautafuta, haupo. Mama mdogo akanifinya mgongoni, yaani tunga chochote.

"Sikumbuki."

"Kesho njoo," akasema. "Utakumbuka njiani."

Njia nzima hadi Mugeta sikukumbuka. Tulikuta mgomba umevishwa sanda, na mama mdogo akaifunga sura juu yake kwa vitambaa alivyochana kwenye pazia letu. Mchungaji akaomba, wazee nao wakafanya ya kwao pembeni. Kabla ya udongo, mama yake akaniita.

"Binti, mwambie."

Kaburi halikuwa na kina; nikapiga magoti ukingoni, nikaegemea mkono mmoja, nikainama hadi karibu na pale sikio lingekuwa. Mama mdogo hatengenezi masikio. Nikamnong'oneza kwamba mchungaji amevaa soksi mbili tofauti, maana ilikuwa kweli. Nikasimama, nikasubiri.

Wanaume wakashika majembe. Mmoja akanivuta mkono. "Tumalize, binti, jua hili."

"Mwacheni," mama mdogo akasema. "Bado ni zamu ya mwenzake."

Wakasimama na majembe yao. Mama yake alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyesikia hatua nje ya mlango.