Siku Nilipompeleka Mama Kupimwa Akili

Singetaka mambo haya yatoke nje ya meza hii, lakini kwa vile kanisa zima linayajua, acha niyaseme mwenyewe.

Kliniki moja hapa Eldoret ilikuwa inapima wazee kumbukumbu, nikampeleka mamangu, kwa sababu kila nikimwambia auze shamba ahamie kwangu Elgon View ananiambia hakumbuki tukiongea maneno kama hayo, na mimi (mwerevu wa familia) nikaamua akili inamtoka. Tukakuta ukumbi umejaa, nusu yao watu tunasali nao. Sista, yule muuguzi wa kupima, akamuuliza leo ni siku gani, mama akarekebisha leso yake kwanza, nami badala ya kutulia nikamnong'oneza, "Jumatano."

"Huyu anasema Jumatano," mama akamwambia sista, "lakini Jumatano ilikuwa jana."

Watu wakacheka. Sista akaniuliza nina miaka mingapi, nikasema sitini na mbili, akasema basi na mimi nipimwe. Ningekataa, lakini mwanaume amevaa suti atakataaje mbele ya wazee wa kanisa? Nikapewa karatasi nichore saa, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Nikachora haraka haraka, mshale mfupi nikauweka kwenye tano. Mama aliuweka kwenye kumi na moja, mahali ambapo saa tano imekaa tangu tuzaliwe.

"Mama, kijana wako ameniambia unasahau sana," sista akasema.

"Sisahau, nakataa," mama akajibu. "Shamba siuzi."

Ikabaki damu, maana siku hizi kuna protini wanazoziangalia kwenye damu kujua kama ugonjwa wa kusahau umeanza kuingia kwa ubongo. Mama akatoa yake akiongea na jirani. Mimi niliiona tu sindano, nikaanguka, na nilipofungua macho kichwa kilikuwa kwenye mapaja ya mama, ananipepea na ile saa yangu niliyochora, kila mtu akiisoma.

Majibu yalitoka mazuri kwa wote wawili. Daktari akasema mimi nilale mapema na nipunguze simu. Lakini nani aliyangoja? Jumapili mchungaji aliniombea kwa jina, na baada ya ibada mama mmoja wa kanisa akanishika mkono mpaka kwa gari, kisha akauliza kwa upole kama kuna mtu wa kuniendeshea.

Nimeapa: mtu mzima akinikatalia jambo, nitaimeza hiyo hapana yake. Sitamtafutia ugonjwa tena.