Dinamo Isiyo na Waya

Shida ilinianza mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na mbili. Baba alikuwa askari. Alitoka kambini siku moja, hakurudi. Shule nikaachia darasa la tatu, nikapanda baiskeli ya mjomba kubeba mizigo ya watu, miguu haifiki hata kwenye pedali. Nayasema ili mjue: mimi baiskeli sikuijulia kwenye starehe.

Hadi leo naendesha. Nachukua mikeka na vikapu kwa akina mama wa Bombo, mara nyingine nafika Luwero, nauza mjini Wandegeya. Narudi usiku, maana mchana malori yananisukumia mtaroni. Watu wananiambia, "Hajji, panda pikipiki." Pikipiki ninazo. Wazipande wavivu.

Taa yangu ilikuwa ya dinamo ya chupa, ile inayojisugua kwenye tairi. Inalia vuuu, kama nyuki ndani ya debe. Mvua ikinyesha inateleza, taa inazimika, nawe uko katikati ya mashimo. Mwaka jana shimo moja lilinivunja mkono. Nikasema basi, sasa natafuta taa ya maana.

Mke wangu akataka twende wote dukani. Macho yake yameliwa na presha. Anaona mwanga tu, sura hapana. Muuzaji, bwana mmoja mnene mwenye mdomo, akamchokoza:

"Hajati, na wewe umekuja kuchagua taa?"

"Nimekuja kumchunga huyu asikuibie."

Akatuonyesha dinamo ya kitovu, inayokaa katikati ya gurudumu la mbele. Haigusi tairi, haijali mvua, na ukisimama taa haifi papo hapo. Akainua baiskeli, akazungusha gurudumu. Mwanga ukapiga ukuta.

Mke wangu akangoja. "Mbona siisikii ikizunguka?"

"Inazunguka, Hajati. Hii hailii. Kimya kama paka."

Mke wangu akaisogelea, akatega sikio. Nikajua. Miaka yote hii halali mpaka asikie ile vuuu inapanda kilima cha kwetu Kasubi. Akiisikia ndipo anabandika chai.

"Nipe ya chupa," nikamwambia muuzaji.

"Uvunje na mkono wa pili?" mke wangu akadakia. "Chukua hiyo ya kimya. Nitazoea."

"Hutazoea."

"Hajji, usinipigie kelele mbele ya watu."

Nikasimama pale kama mjinga. Ya chupa itaniua mimi, ya kimya itamkeshesha yeye. Mwishowe nikasema: ya kitovu weka mbele, ya chupa nifungie nyuma.

"Bambi, maskini mzee, huku nyuma hakuna taa. Waya niupeleke wapi?"

"Waya usiweke."

Akanitazama kama anayemtazama mlevi. Mke wangu ndiye aliyeelewa. Akacheka mpaka akakohoa, akapapasa hewani akitafuta mkono wangu, akaubana.

Sasa nikifika chini ya kilima naipiga kisigino, inashika tairi, inalia. Mlima unakuwa mzito maradufu, magoti yananilaani. Juzi akanifumania, akasikia mlio ukianzia chini ya kilima:

"Kumbe unaiwasha ukifika karibu tu! Mwongo wewe."

"Miguu ni yangu, mama."

"Kunywa chai."

Leo nina nyumba ya matofali, vyumba vinne, Kasubi. Pikipiki mbili. Kibanda cha mikeka Wandegeya. Mbuzi watano. Baiskeli moja, taa moja, dinamo mbili.