Saa ya Mama Mkwe

Mtu huyu aliwadharau watu kwa zamu. Asubuhi ilikuwa zamu ya wale walioleta kompyuta "iliyokufa" kumbe haikuchomekwa kwenye umeme. Mchana zamu ya wale walioandika nenosiri kwenye kikaratasi, wakakibandika kwenye kioo cha kompyuta hiyo hiyo. Jioni, akishachoka, aliwadharau wote waliobaki kwa mkupuo mmoja, na mwenye jengo akiwa wa kwanza. Walimwita Profesa. Chuo kikuu aliwahi kuingia mara moja tu, kufunga nyaya za maktaba, lakini jina lilimkaa vizuri, naye akalivaa. Akaanza hata kutembea kiprofesa, mikono nyuma, kidevu mbele.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Meza mbili, feni moja yenye kelele kuliko upepo, na rafu ya kompyuta zilizochoka ambazo alizinyofoa vipuri kimoja kimoja. Salamu yake ilikuwa "Umeifanyaje?" Si habari, si karibu. Mteja akifungua mdomo kueleza, Profesa alinyoosha kiganja: "Usinieleze. Wacha niangalie." Na kibaya zaidi, mara nyingi alipatia. Hicho ndicho kilichomharibu. Angekuwa anakosea kosea kidogo, pengine masikio yake yangepata kazi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda kumnyooshea kiganja, naye ni mama mkwe wake. Huyo Profesa alimdharau kimoyomoyo tu. Mama mkwe alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya macho, mwaka wa ishirini na mbili sasa kwenye kiti kile kile chenye mto wa kushonwa kwa mkono. Alichapa kwa vidole viwili. Kompyuta ikikwama aliisemesha taratibu, kwa sauti ya juu, jinsi alivyowasemesha wagonjwa wasiosikia vizuri. Profesa akimwona hivyo, nywele zilimsimama. Lakini mkwe ni mkwe. Akifika mbele yake kidevu kilishuka chenyewe: "Shikamoo Mama." Sauti laini hiyo, utadhani si yeye.

Basi Daktari mwenye kliniki akanunua kompyuta mpya, na mama mkwe akasema hakuna haja ya kuhangaika na fundi wa mbali, yuko mwanawe. Jumamosi Profesa akaja. Akahamisha kila kitu: faili za wagonjwa, picha za macho, barua, na kalenda ya miadi, ambayo ilitakiwa isomane na simu ya Daktari. Mama mkwe alisimama nyuma yake akiwa na neno.

"Mwanangu, kuna ile saa ya kwenye kompyuta ya zamani..."

"Mama, wewe pumzika. Kuanzia sasa, inachosema kompyuta ndicho hicho hicho. Fuata tu."

Akaibeba ile ya zamani kwapani, akaenda zake kuitupa kwenye rafu.

Jumatatu kliniki ikageuka kichekesho. Kulikuwa na bibi mmoja wa kutolewa mtoto wa jicho, aliyepangiwa saa tatu asubuhi. Mama mkwe alikumbuka hivyo kabisa. Lakini kompyuta mpya ilisema 9:00, naye aliambiwa afuate kompyuta, basi akampigia bibi: usije saa tatu, njoo saa tisa. Daktari akavaa glavu saa tatu, akasubiri, akavua. Bibi akafika saa tisa alasiri, kanga mpya, kashikwa mkono na mjukuu, akakuta Daktari keshaondoka. Siku hiyo hiyo mama mkwe alimwandika mwalimu mmoja mstaafu kwa kesho yake saa tatu: 3:00. Simu ya Daktari ikalia saa tisa usiku kumwarifu kwamba mwalimu anamngoja. Mke wa Daktari, ambaye hakuwa na shida yoyote ya macho, aliyasema ya moyoni.

Jumanne Profesa akaitwa. Akaketi kwenye ule mto wa kushonwa, akaalisha vidole, akatamka ugonjwa kabla ya kugusa kitu: "Hazisomani." Simu na kompyuta, alimaanisha. Akaitoa akaunti, akairudisha. Zikasomana, kila mgonjwa akatokea mara mbili. Akaitoa tena, akairudisha tena. Mtoto mmoja wa kupimwa miwani akatokea mara nne, mstari mzima ni yeye. Jasho likaanza kumtoka kwenye masharubu.

Mama mkwe akainama kwenye kioo. "Hii 14:00 ni saa gani, mwanangu? Saa kumi na nne haipo."

"Ipo, Mama."

"Kwangu haikuwapo. Kwenye ile ya zamani uliniwe..."

"Mama, tafadhali, nenda kanywe chai. Nakuomba." Alitabasamu kwa meno yote alipolisema hilo, na moyoni akasema: Mola wangu, mwanamke huyu hata kusoma saa hajui!

Akafutafuta majina yaliyorudiwa, yakabaki yakilandana: la kwenye simu na la kwenye kompyuta, dakika kwa dakika. Hapakuwa na kosa lolote la kuonekana. Na bado Daktari alisema wagonjwa wanakuja ovyo. Alimwita Profesa chumbani kwake, chini ya lile bango la herufi kubwa na ndogo.

"Tatizo ni nini?"

Fundi mwingine angesema sijui. Neno hilo lina herufi tano tu, na Profesa hakuwahi kulitamka tangu apewe jina. "Mashine nzima, Daktari. Simu nzima. Anayeitumia ndiye aliyechoka." Akashusha sauti. "Umri."

Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mbao nyembamba. Upande wa pili mama mkwe alikuwa akibana makaratasi kwa stepla, ka, ka, ka, halafu stepla ikanyamaza. Angeweza kuingia pale akamweleza Daktari habari yote ya ile saa kwa pumzi moja. Hakuingia, kwa sababu angemwaibisha mkwe wake mbele ya watu, na yeye kulelewa kwake hakukuwa hivyo. Profesa hakuwa na kizuizi hicho.

Jumatano, Profesa alipofika nyumbani, alimkuta mkewe amesimama jikoni, mikono kiunoni, jiko limezimwa.

"Baba watoto, umemwambia nini Daktari?"

"Kuhusu?"

"Usinijibu kwa swali. Mama kapewa mpaka Ijumaa. Yule bibi wa mtoto wa jicho anarudi Ijumaa, na saa zikivurugika tena, Jumatatu anakaa mtu mwingine kwenye kile kiti. Kabakiza mwaka na nusu astaafu kwa heshima! Daktari anasema fundi mwenyewe amethibitisha."

Profesa akavua kiatu kimoja polepole. "Nilitoa maoni ya kitaalamu."

"Maoni!" Mkewe alicheka kicheko kikavu. "Na unajua yeye kasema nini juu yako? Hakuna. Kasema tu, muulize mumeo kama anaikumbuka saa."

"Saa gani?"

"Ndivyo alivyosema. Saa."

"Mama yako naye," Profesa akasema, na akala chakula baridi.

Alhamisi asubuhi aliishusha ile kompyuta ya zamani kutoka kwenye rafu ili aifute na kuinyofoa. Akaiwasha. Pembeni mwa kioo palikuwa na 4:10. Betri ya saa imekufa, akasema kwa dharau. Akatazama simu yake: 10:10, saa nne na dakika kumi. Akairudia ile tarakimu. Betri ikifa, saa husema lolote, haisemi ile ile ambayo mama mkwe angeisema. Akafungua setingi. Majira ya saa yalikuwa yamechaguliwa ya visiwa fulani vya mbali, magharibi huko ng'ambo ya bahari, ambako jua huchomoza saa sita baada ya kuchomoza kwetu. Akafungua kalenda. Bibi wa mtoto wa jicho: 3:00. Kwenye simu ya Daktari, alivyoiona Jumanne, miadi ile ile: 9:00. Mtoto wa miwani: 8:00. Kwenye simu: 14:00. Zilisomana miaka yote bila kukosea, kila mtu akisomewa saa kwa lugha yake: Daktari ya kwake, karani ya kwake. Ukiihamishia kalenda hiyo kwenye kompyuta yenye majira ya hapa, tisa inabaki tisa, na mwanamke aliyeizoea tatu atakuambia saa tisa. Angekuambia nini kingine?

"Mpumbavu gani alifanya hivi?" Profesa aliuliza chumba kitupu. Halafu, kwa shingo upande, akaongeza: "Lakini alikuwa na akili."

Akaigeuza afungue skurubu. Nyuma ya kioo palikuwa na kikaratasi cha gundi, kimegeuka rangi ya chai. Kimeandikwa kwa kalamu: *Saa ya Mama. Usiguse.* Herufi g ilikuwa na mkia uliojikunja. Kwenye meza yake palikuwa na risiti ya jana yenye g ya namna hiyo hiyo, na ya juzi, na ya wiki iliyopita. Lo! Akaketi juu ya boksi la nyaya.

Miaka kumi na moja nyuma alikuwa kijana mwembamba mwenye bisibisi moja na shati moja la kazini. Alikwenda kliniki, Daktari huyu akiwa bado hajafika, kuweka kompyuta ya kwanza, na karani akamwambia: "Mashine yako inasema uongo. Sasa hivi ni saa tatu, yenyewe inasema tisa." Na yeye, yeye huyu huyu, alichuchumaa kando ya kiti akamuuliza: wewe unahesabuje, Mama? Unaandikaje ukiwa na daftari? Alichuchumaa hapo nusu siku akijaribu hiki na kile, mpaka akaikuta njia. Karani alipiga makofi. Binti yake alikuwa ameingia na kikapu cha chakula cha mchana, naye mama akamwita: "Njoo uone kijana huyu alichonifanyia!" Binti akaja, akaona. Mengine yote ya maisha ya Profesa yalianzia hapo, mke, watoto, hata hiyo karakana, na alikuwa ameyasahau kabisa, maana tangu hapo alikuwa na shughuli nyingi za kuwadharau watu.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi alikuwa mlangoni mwa kliniki kabla ya mfagiaji. Akabadilisha majira. Tisa zikawa tatu, kumi na nne zikawa nane. Yale ambayo mama mkwe aliyaandika tangu Jumatatu aliyarudisha mahali pake kwa mkono, moja moja. Akajaribu: akaandika 3:00; kwa hesabu simu ya Daktari itasoma 9:00. Safi. Akatoa kile kikaratasi mfukoni akibandike nyuma ya kioo kipya, mara akasikia viatu vya Daktari, akakirudisha mfukoni haraka utadhani kaiba.

"Ehe, Profesa?"

"Imepona, Daktari. Lilikuwa suala la majira ya saa." Akaeleza, safari hii kwa ufupi.

Daktari akavua miwani, akaifuta. "Kwa hiyo Mama hakukosea."

"Hakukosea."

"Basi nani alikosea?"

Hapo ndipo penyewe. Neno moja tu lilitakiwa, na si refu. Profesa akakunja mikono nyuma. Kidevu, bila hata kuulizwa, kikanyanyuka.

"Fundi wa zamani, Daktari. Aliyeweka ile ya kwanza. Kijana fulani tu, mshamba, kazi hajui. Alichezea saa na hakuandika popote." Kikaratasi kilikuwa mfukoni, gundi yake ya zamani imeng'ang'ania kitambaa.

"Mafundi wengine bwana," Daktari akasema. Halafu akageuka, maana mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe na mkoba wake, na hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

"Shikamoo Mama," Profesa akasema.

"Marahaba."

Akapita, akaweka mkoba, akainama kwenye kioo. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari: "Saa tatu, bibi wa mtoto wa jicho. Saa nane, mtoto wa miwani." Akanyooka. Kitu kilimlegea mabegani, lakini hakupiga makofi.

"Mama, unisamehe," Daktari akasema. "Nilikudhania vibaya. Kumbe ni yule fundi wa zamani. Profesa anasema alikuwa mshamba mmoja, kazi hajui."

"Msimtukane yule, Daktari. Ndiye niliyemwoza binti yangu."

Daktari akamtazama yeye, akamtazama Profesa, akarudi kwake. "Kumbe binti yako aliwahi kuolewa kabla ya huyu?"

"Aliwahi," mama mkwe akasema. Alikuwa akikung'uta ule mto wake, aliukuta umebonyea. "Na kijana mmoja mpole sana. Ukiwa na neno, anachuchumaa hapa kando ya kiti anakusikiliza mpaka umalize."

"Yuko wapi siku hizi?"

Mama mkwe akaketi. Akavuta simu ya mezani ampigie bibi amwambie saa ni tatu, ile ile. Kwanza akamtazama mkwe wake kuanzia viatu hadi kidevu, bila haraka.

"Nami namwulizia, Daktari," akasema. "Hebu sogea, mwanangu, unaniziba mwanga."